Hoja Iliyokosa wa Kuiunga Mkono

Siku niliyoapishwa kuwa diwani, joho walilonivika lilikuwa limeshonewa mwanamume mrefu. Lilinizidi shubiri nzima likawa linafagia sakafu ya ukumbi wa baraza, na mimi, fundi cherehani wa Shauri Moyo kwa miaka kumi na minne, nikala kiapo mbele ya Meya huku macho yangu yako kwenye upindo. Naibu Karani wa Baraza, bwana mmoja aliyetembea na kalamu tatu mfukoni, aliniona nikilipima kwa mkono. Akaniinamia na kuninong'oneza, "Mheshimiwa, joho ni mali ya baraza. Halikatwi." Basi nikalipinda kwa ndani na kulibana kwa pini, nikalivaa hivyo hivyo muhula mzima.

Wajukuu zangu huniuliza kazi hiyo ilikuwa ya namna gani. Mwishoni mwa miaka ya sabini, diwani wa mitaa yetu ya Eastlands alikuwa mtu wa mabomba, vyoo, taa na nyumba. Nyumba zote zilikuwa za baraza, nasi tulikuwa wapangaji tu. Na kazi yenyewe haikufanyika pale ukumbini kwenye majoho kama nilivyodhani. Ilifanyika kwenye kamati: Kamati ya Nyumba, Kamati ya Maji, na kadhalika, kila moja na mwenyekiti wake. Kamati ikiamua jambo, uamuzi uliandikwa kwenye kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zikapelekwa kwenye kikao kamili, yaani madiwani wote pamoja na Meya, ili zipitishwe.

Hayo yote yalikuwa kwenye kitabu cha kanuni za vikao nilichopewa siku ile ya kiapo. Kilikuwa kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Lakini meza ya cherehani yangu ilikuwa inayumba, na kitabu kilikuwa na unene uliofaa kabisa, kwa hiyo nikakiingiza chini ya mguu wake. Meza ikatulia vizuri, nami nikaendelea kushona.

Watu walianza kunijia kesho yake kabla sijanywa chai. Huyu bomba limekauka, yule taa ya njiani imezimika tangu Pasaka. Nilikuwa nimeshona nguo za nusu ya mtaa, kwa hiyo hakuna aliyeona haya kunikatiza kazi. Mchana walipopungua, akaja Rispa.

Rispa alikuwa jirani wa mstari wa pili, mwanamke mpole, mumewe Zakaria alikuwa dereva wa lori la baraza. Zakaria alikuwa amefariki miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Alisimama mlangoni na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Njoki, nisomee hii tena. Nimesomewa na watu wawili na wote wamesema kitu kimoja."

Ilikuwa notisi. Nyumba ile, ilisema, iliandikishwa kwa jina la Zakaria, na kwa kuwa Zakaria hayupo tena, irudishwe, funguo zikabidhiwe kwa Afisa wa Nyumba katika siku kumi na nne, ili apewe mtu mwingine aliyekuwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Jina la Zakaria lilitajwa mara nne. La Rispa halikuwamo. Yeye na watoto wake walikuwa "wote waliomo ndani."

"Mimi nimeosha hiyo sakafu miaka kumi na tisa," Rispa akasema. "Watoto wanne wamezaliwa kwa hiyo nyumba. Sasa niende wapi nao? Kwa kina Zakaria huko nyumbani shamba lilishagawanywa, hakuna aliyenibakishia hata mahali pa kusimamisha jiko. Mama Njoki, saa hii wewe ndio serikali. Fanya kitu."

Damu ilinichemka. Na niseme ukweli, kulikuwa na majivuno ndani yake, maana nilikuwa na joho la siku mbili na nilikuwa natafuta mahali pa kulitumia. Nikamwambia maneno ambayo diwani mgeni hapaswi kumwambia mtu yeyote.

"Rispa, hutoki. Nimesema."

Alilia kwa furaha. Mimi nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda moja kwa moja kwa Afisa wa Nyumba.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti, akafungua rejista ya wapangaji, daftari kubwa kama Biblia ya kanisani, akaweka kidole chini ya jina la Zakaria.

"Mama diwani, mimi sina ubaya na huyu mama. Lakini mimi nafuata rejista. Wa kubadilisha hapa ni Kamati ya Nyumba peke yake."

"Inakaa lini?"

"Ilikaa wiki iliyopita. Sasa ni mpaka baada ya wiki tatu."

"Na notisi?"

"Zimebaki siku kumi na mbili."

Nilitoka pale nikipiga hesabu hiyo ndogo, na kila nikiipiga ilitoka vibaya. Kisha nikakumbuka kwamba kikao kamili kilikuwa Jumanne, siku nne tu mbele. Kwa nini niingoje kamati, na Meya mwenyewe atakuwa amekaa pale? Niliona nimepata dawa.

Nilimpelekea wazo hilo Diwani Makokha. Huyu alikuwa mzee wa Kaloleni, karani wa reli aliyestaafu, na alikuwa ameketi barazani tangu mimi nikijifunza kutia uzi kwenye sindano. Pia alikuwa mwanachama wa Kamati ya Nyumba. Alinisikiliza akiwa anamwagilia mboga zake za sukuma kwa kikopo.

"Usisimame Jumanne," akasema. "Ngoja kamati."

"Kamati itakuta Rispa yuko barabarani, Mzee."

"Nimekwambia usisimame."

"Nitasimama. Nataka kujua tu kama utakuwepo."

Akakiweka kikopo chini. "Nitakuwepo."

Mimi nikachukua hiyo kuwa ahadi.

Jumanne nililipiga pasi joho mpaka likang'aa. Ajenda ilienda pole pole, mabomba ya kule na masoko ya huku, mpaka Meya akafika kwenye mambo mengineyo. Nikasimama. Nilieleza habari za Rispa, miaka kumi na tisa, watoto wanne, nikamalizia kwa kuomba baraza liamue kwamba mama huyo abaki katika nyumba yake. Niliketi nikijua nimesema vizuri.

Meya akatazama huku na huku. "Diwani ametoa hoja. Nani anaiunga mkono?"

Pakawa kimya. Sasa, hoja ni lazima iungwe mkono na diwani wa pili ndipo ijadiliwe na kupigiwa kura. Nilimtazama Makokha. Alikuwa amevua miwani yake, anaifuta kwa upindo wa joho, lenzi moja halafu ya pili, taratibu, kana kwamba yuko nyumbani kwake anangoja uji upoe.

"Hakuna?" akauliza Meya. "Hoja imeanguka. Tuendelee."

Sijawahi kuaibika namna ile, si kabla wala baadaye. Kikao kilipofungwa nilimfuata Makokha kwenye korido nikamshika mkono wa joho, mtu wa umri wa baba yangu.

"Mzee, umeniuza! Umekaa pale unafuta miwani na mimi nimesimama kama mti!"

"Niachilie joho, mama. Ni mali ya baraza."

"Usinichekeshe! Nitamwambia nini Rispa?"

Alinivuta kando, karibu na dirisha. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Wewe umesoma kile kitabu cha kijani?"

Niliona mbele yangu mguu wa meza.

"Sikiliza basi. Hoja ikiungwa mkono, inapigiwa kura. Ikishindwa kwenye kura, haiwezi kurudi mahali popote, si hapa wala kamatini, mpaka miezi sita iishe. Na leo ungeshindwa. Mwenyekiti wa Kamati ya Nyumba alikuwa amekaa pale amenuna, kwa nini diwani wa juzi anamruka? Nusu ya ukumbi inamfuata yeye. Ningekuunga mkono, ningekuwa nimemfungia huyo mama mlango mimi mwenyewe."

"Na sasa?"

"Sasa hoja yako haikuungwa mkono, kwa hiyo haikuwa hoja. Muulize Naibu Karani."

Naibu Karani alikuwa anapita na makaratasi yake. Nilimwuliza ameandika nini juu ya Rispa. "Sijaandika kitu, Mheshimiwa," akajibu. "Isiyoungwa mkono haiandikwi."

Yule mzee alikuwa amenyamaza kwa makusudi, na kimya kile nilichokiona kuwa usaliti ndicho kilichomwachia Rispa nafasi. Nilimwomba msamaha palepale. Akasema msamaha tutauzungumza siku nyingine, kwanza nikasome ukurasa wa tisa.

Nilifika nyumbani nikainua mguu wa meza. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba mwenyekiti wa kamati anaweza kuitisha kikao cha dharura iwapo wanachama watatu wa kamati hiyo watamwomba kwa maandishi. Nilisoma mara tatu. Kisha nikafunga kibwebwe.

Saini ya kwanza ilikuwa ya Makokha. Ya pili nilimfuata diwani mwenye karakana ya magari. Alikuwa chini ya gari na hakutaka kutoka, kwa hiyo nikapiga magoti kwenye oili nikampitishia karatasi na kalamu huko huko chini, akatia saini amelala chali. Wa tatu nilimngoja nje ya kanisa lake Jumapili, ibada ikawa ndefu kuliko zote nilizowahi kungoja. Siku zilikuwa zimebaki tatu.

Kilichobaki ni Mwenyekiti mwenyewe. Alikuwa mwalimu mkuu zamani na bado alimwangalia kila mtu kama aliyechelewa darasani. Alisoma ombi letu, akalilaza mezani.

"Mheshimiwa, kabla ya Jumanne ulikuwa umewahi kubisha mlango huu?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Ulikwenda kunishtaki kwa Meya kwa jambo ambalo hukuwahi kuniletea."

Nilikuwa na majibu mengi, yote makali, na yote yangempeleka Rispa barabarani. Nikayameza.

"Nilikosea, Mwenyekiti. Nilikuwa na haraka na sikujua njia. Makosa ni yangu, si ya huyu mama."

Akachukua kalamu akaandika tarehe ya kikao. Ilikuwa siku ya kumi na tatu ya notisi.

Siku hiyo niliketi nyuma ya chumba cha kamati, maana sikuwa mwanachama, na asiye mwanachama huruhusiwa kusikiliza ila hasemi mpaka aitwe. Walizungumza nusu saa. Mmoja wao akasema tukimpa huyu, wajane wa mitaa yote watajaa hapa kesho. Vichwa kadhaa vikaitikia. Hapo ndipo Mwenyekiti akageuka.

"Diwani wa Shauri Moyo, unalo la kusema juu ya hilo?"

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nikaiacha.

"Mwenyekiti, hao wajane hawatoki nje wanakuja. Wako ndani ya hizo nyumba tayari. Kinachoombwa ni waandikwe mahali walipo."

Makokha akafuta miwani. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, akangoja, akamwambia Naibu Karani aandike: jina kwenye rejista libadilishwe, mjane apewe nyumba kwa jina lake. Afisa wa Nyumba aliifuta notisi jioni ile ile.

Mwezi uliofuata kumbukumbu za Kamati ya Nyumba zilifika kwenye kikao kamili. Naibu Karani alitaja kurasa, Meya akauliza zimepita, ukumbi ukaitika zimepita. Mimi nilikaa kimya na midomo nimeibana, na kwa mtu wa mdomo kama wangu hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kusimama.

Nilihudumu muhula mmoja tu. Siku ya kurudisha joho nilichomoa pini, upindo ukashuka, nikalikabidhi likiwa refu vilevile. Nimerudi kwenye cherehani tangu wakati ule, na sasa macho yamepungua, natunga uzi kwa kubahatisha. Watu huniuliza niliacha nini, maana hakuna barabara wala shule yenye jina langu. Nyinyi mnaotaka uongozi, mimi nawaambia msome ukurasa wa tisa kabla ya kuvaa joho, lakini najua hamtasikia, kwa kuwa hata mimi sikusikia.

Ninachokumbuka zaidi ni asubuhi niliyompeleka Rispa ofisini kwa Afisa wa Nyumba kutia saini. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea la mazishi ya Zakaria. Karani akafungua lile daftari kubwa, akapiga mstari juu ya jina la zamani, akaandika jipya pembeni, akalisoma kwa sauti: "Mpangaji, Rispa Auma."

Rispa akainama karibu na karatasi, ingawa hakujua kusoma.

"Soma tena," akasema.

Karani akasoma tena. Nyuma yetu kulikuwa na foleni mpaka mlangoni, na watu walianza kunung'unika.

"Samahani, mwanangu," Rispa akasema. "Mara moja tu tena."