Fundo la Kushoto la Mama Emilienne

Mwaka 1976, Mama Emilienne alikuwa ametengeneza nyavu Kashikishi, mji wa wavuvi kando ya ziwa, kwa miaka thelathini, tangu avuke ziwa kutoka Kongo, na neno lake juu ya uzi halikubishiwa na mtu. Ndiyo maana polisi walimpelekea kamba iliyomfunga mlinzi wa ghala lililovunjwa, kamba ya vipande vya uzi wa nyavu vilivyoungwa. Alitazama mara moja tu, akasema mafundo ya kamba hiyo yamegeukia kushoto. Mtaalamu kutoka Lusaka akaandika kwamba mfungaji ni mtu wa mkono wa kushoto. Kati ya wavuvi walioshukiwa, Chabu peke yake alitumia mkono wa kushoto. Akawekwa ndani, na ushahidi mwingine haukuwapo.

Wiki moja kabla ya kesi, Emilienne alikuwa akimfundisha jirani yake Angèle, wameketi uso kwa uso, kama alivyowafundisha wote. Yeye akipindisha uzi kuumeni kwake, Angèle, ambaye hufanya kila kitu kwa mkono wa kulia, aliupindisha kushoto kwake. Fundo likatoka limegeuka. Emilienne akalitambua: lilikuwa kama yale ya kamba ya polisi. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kukagua nyavu za wanafunzi wake wa zamani.

Mahakamani mwendesha mashtaka alitaka arudie maneno yake tu.

"Fundo ni la kushoto, ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo. Lakini mutu wa kuume anaweza kulifunga. Ni mimi nilibafundisha vile."

"Mama, kule polisi haukusema hivi."

"Kule mulinionyesha fundo. Hamukuniuliza juu ya batu."

Watu wakacheka, hakimu hakucheka. Emilienne aliomba uzi, na wanafunzi wake sita, wote wa mkono wa kulia, wakafunga mbele ya mtaalamu. Mafundo matano yaligeukia kushoto. La mmoja wao, Fanwell, lilifumuka.

"Huyu akiiba, mulinzi anatoroka," akasema mtu nyuma.

Mtaalamu aliyalinganisha mafundo matano na yale ya kamba, akakiri kwamba hawezi kuyatofautisha. Chabu akaachiliwa.

Alimsubiri Emilienne nje ili amshukuru.

"Usinishukuru, mutoto. Miezi ine ulilala gerezani sababu ya mudomo yangu."

"Na mudomo ile ile imenitoa, mama."

Tangu siku hiyo, anayekuja kujifunza kwa Emilienne huketishwa ubavuni pake.