Maharagwe Yalikuwa Mabichi, Nikasema ni Mursik

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usianze kunihurumia kabla hujasikia yote. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeibiwa, lakini kuna mama mzee anayeficha mikono yake akiona mtoto, na aliyemfanya awe hivyo ni mimi.

Majina nimebadilisha. Tunaishi kwenye chai, upande wa Kapkatet. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nimeolewa na kifungua mimba wa boma hili. Mama mkwe wangu anaitwa Gogo, yaani bibi, na kila mtu, kwa sababu watoto wanamwita hivyo. Nyumba yangu na jiko lake la kuni vinatazamana.

Gogo alijulikana kwa mursik. Alikuwa akisugua vibuyu ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, anatia maziwa, anayaacha siku kadhaa mpaka yagande na kuwa na ile rangi ya kijivu. Watu walikuja kuulizia maziwa yake kutoka mbali. Ukitaka kumwona akicheka, ulikuwa unaomba kikombe cha pili.

Sasa, mimi nilikuwa nimechoka na moshi. Mama mmoja alikuja kwenye mkutano wetu wa kina mama akiwa na maikrowevu na vyombo vizito vya kioo vyenye vifuniko vya kioo. Mbele ya macho yetu alipika kuku, wali, maharagwe na keki. Hakuna masizi, hakuna kupuliza moto. Nilichanganyikiwa kabisa. Maharagwe yake yalikuwa yamechemshwa nyumbani kwanza, na nafikiri alisema. Mimi sikuwa nasikiliza, nilikuwa naangalia vile kioo kinang'aa.

Nikanunua seti nzima. Kuanzia hapo nikaacha kugusa sufuria. Gogo alikuja siku ya kwanza, akainama, akachungulia ndani ya maikrowevu.

"Moto iko wapi?" akauliza.

"Haina moto, Mama. Ni stima inapika."

"Na hiyo chakula inajua aje imeiva?"

Nilicheka. Nilimwona mshamba, wacha niseme ukweli. Wiki hiyo nzima niliwasimulia walimu wenzangu, nao wakacheka.

Halafu ikafika siku ya koito ya wifi yangu, tumwite Chelangat. Wazee wa upande wa mchumba walikuwa wanakuja kutoka Siongiroi kumwomba rasmi na kupatana ng'ombe wa mahari. Gogo aliamka alfajiri akaloweka maharagwe mekundu, akitaka kuyabandika kwenye kuni. Nikamwambia apumzike.

"Mama, leo usinuke moshi mbele ya wageni. Wewe andaa mursik tu. Chakula niachie."

Akaniachia. Alivaa kitambaa chake cha kanisani akakaa na vibuyu vyake vinne, akivipangusa.

Nilitoa yale maharagwe kwenye maji nikayatia kwenye chombo cha kioo, nikabonyeza dakika nyingi kadiri nilivyodhani zinatosha. Stima ikapotea. Ikarudi. Ikapotea tena. Iliporudi mara ya mwisho wageni walikuwa wameshasali, wamekaa, na kuku bado hajaingia. Nilitoa maharagwe ili kuku apate nafasi. Nikaonja moja.

Lilikuwa gumu katikati. Niliposema mwanzoni kosa ni langu, nilimaanisha hapa. Sikukosea kwa kutojua. Nililiuma, nikasikia ule unga mbichi kwenye meno, nikajua. Lakini jiko la Gogo lilikuwa linawaka hapo mbele yangu na sikutaka kuvuka uwanja na kile chombo changu cha kioo mbele ya wageni, kwenda kuomba moto. Nikamwagia nyanya na dania juu, nikapeleka mezani.

Walikula. Wakasifu. Mzee mmoja aliinua kile chombo akakitazama chini, akasema mambo yamekuwa ya kisasa. Nikajisikia mtu!

Kabla hawajamaliza mambo ya ng'ombe, yule mzee akatoka mbio kuelekea kwenye chai. Tukamsikia akitapika. Akafuata mwingine. Akafuata Chelangat mwenyewe, na nguo yake ya koito, akashindwa kufika mlangoni. Kisha binti yangu Chebet, aliyekuwa na miaka minane. Kwa saa moja boma lilikuwa watu wanajishika matumbo na wengine wanatafuta gari.

Hospitalini walitundikiwa maji. Daktari akauliza wamekula nini. Kila mtu alinigeukia mimi, kwa sababu mpishi ni mimi.

Nikasema, "Walikunywa maziwa ya kibuyu."

Hivyo tu. Sikusema mursik ilikuwa mbaya. Niliitaja ya kwanza nikanyamaza, na watu wakamalizia wenyewe. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema kwa upole kwamba mama akizeeka, macho hayaoni kibuyu vizuri ndani.

Gogo alikuwa amesimama hapo. Ndiye aliyekunywa mursik nyingi kuliko wote, na hakuwa ameumwa hata kidogo. Maharagwe hakuyagusa. Hakuna aliyejiuliza jambo hilo isipokuwa mimi.

Na kulikuwa na Chebet. Chebet hanywi mursik, haipendi tangu akiwa mdogo. Akiwa bado na sindano mkononi alinivuta nguo.

"Mama, lakini mimi sikukunywa hiyo maziwa."

"Ulikunywa," nikamwambia. "Ulilamba kikombe. Nilikuona."

Alinitazama sana. Kisha akageukia ukuta.

Siku ya tatu nilisikia kitu kinapasuka jikoni kwa Gogo. Nikaenda mpaka mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anavunja vibuyu kimoja kimoja kwa jiwe na kutia vipande motoni. Kimojawapo alipewa na mama yake alipoolewa. Alikuwa anafanya kazi hiyo kwa utulivu kama mtu anayemenya viazi.

"Mama, kwa nini?"

"Hii mikono imekuwa chafu," akasema. "Ningeua watu ya wenyewe."

Ningesema pale. Tulikuwa wawili tu! Maneno matano yangetosha. Nilisimama na kitambaa cha kupangusia vyombo mkononi, kisha nikarudi nyumbani kwangu nikafunga mlango.

Arusi ilifanyika, maana wale watu ni wema. Lakini walipokuja tena, walibeba maziwa ya pakiti. Gogo aliyaona yakishushwa kwenye gari. Tangu siku hiyo hakukamua tena wala hakupikia mtu. Akaanza kuomba ruhusa ya kugusa vikombe. Ndani ya boma lake mwenyewe!

Nilijiambia nitamwambia Krismasi. Krismasi ikapita. Nikasema tukimaliza kupanda mahindi. Nikasema Chelangat akijifungua, furaha itapunguza makali. Miaka miwili ikaenda hivyo, na ndani ya hiyo miaka Gogo akaanza kusahau. Mwanzoni ni funguo. Halafu akapotea kwenye chai aliyoichuma maisha yake yote. Halafu akawa anamwita Chebet kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

Mwezi uliopita Chelangat alikuja na mtoto. Tulimwekea Gogo kiti ampokee mjukuu. Alipomwona analetwa, aliweka mikono nyuma ya mgongo.

"Peana kwa mwingine," akasema. "Mimi niko na mikono chafu. Nilipea wageni sumu."

Alikuwa amesahau arusi. Amesahau jina langu. Hilo hakulisahau.

Nilipiga magoti hapo hapo nikasema yote, mbele ya mume wangu, Chelangat na Chebet. Chelangat alichukua mtoto wake akatoka nje, na mpaka leo hapokei simu yangu. Mume wangu hakunipiga wala hakunitukana. Alihamisha nguo zake akaenda kulala nyumba ya mama yake, na huko ndiko anakokula. Chebet alisema tu, "Nilikuambia sikukunywa." Ana miaka kumi sasa, na naona ananipima kila ninachomwambia.

Lakini Gogo! Gogo alishika uso wangu kwa mikono yote miwili. Alilia, akacheka, akaniambia niinuke sakafuni ni baridi.

"Kumbe si mimi," alikuwa akisema. "Kumbe haikuwa mimi."

Niliwaza, hata nikipoteza wengine wote, huyu nimemrudishia kitu chake. Asubuhi nikampelekea chai. Alificha mikono chini ya shuka, akaniomba nimshikie kikombe kwa sababu yeye ni mchafu.

Nikamwambia tena. Akalia tena, akacheka tena, akanisamehe tena. Kufikia wakati wa kukamua ilikuwa imeshamtoka kichwani. Sasa ndiyo kazi yangu. Naamka, navuka uwanja, namwambia. Kuna siku anaelewa, kuna siku anauliza mimi ni nani na hayo maharagwe ni ya nani.

Wewe unayesoma, kama unapika kwa vyombo vya kioo, pika. Havina kosa. Maharagwe mekundu yakiwa mabichi yana sumu, kwa hiyo chemsha kwanza kwenye sufuria mpaka yaive kabisa, na ukionja likawa gumu, mwaga, wageni wangoje. Lakini kama kuna mtu amebeba lawama yako, usingoje Krismasi wala mavuno wala mtoto azaliwe. Nenda leo, akiwa bado anaweza kukumbuka ulichomwambia, hata kama atakukatalia msamaha. Mimi nimesamehewa mara nyingi mwezi huu, na hakuna hata moja iliyofika jioni.