Nesi wa Chumba cha Mizani

Nesi wa chumba cha mizani haamini neno la mzazi yeyote. Ukimwambia mwanao anatambaa, nesi anatupa funguo zake kwenye mkeka, anakunja mikono: "Haya, tuone." Juzi mtoto wa dada yangu, miezi tisa, alizitazama tu. Machozi yakaanza kumlengalenga dada, maana wa jirani anatambaa tangu akiwa na miezi saba. Nesi akaguna, akapiga magoti na sare yake nyeupe pe, akauzunguka mkeka kwa mikono na magoti huku akibwabwaja "ba-ba-ba." Mara mlango ukafunguliwa, daktari mkuu huyo, macho yamemtoka. Mtoto akacheka, akapiga makofi. "Andika hapo, daktari," nesi akasema bila kuinuka, "makofi anapiga. Kutambaa, kwa leo nimemtambalia mimi."