Maji Matatu ya Ngwara

Kaka zangu wawili walikaa sebuleni kwa mama, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba nitabaki mimi. Mama alikuwa ametoka hospitali wiki hiyo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono na mguu wa kulia. Mimi nilikuwa na cherehani yangu mjini, mtaa wa Majengo, kwenye chumba nilichopanga na rafiki, na wateja wa sare za shule.

"Wewe huna mume wala mtoto," kaka mkubwa alisema, kwa upole kabisa, kama mtu anayenipa zawadi. Kesho yake walirudi Dar. Nikabaki na mama mlimani, Kirua Vunjo.

Nilidhani ni miezi mitatu. Ukapita mwaka.

Mama alisumbua kula. Nyama ilimshinda kutafuna, mayai aliyasukuma pembeni. Alichotaka ni ngwara pori, jamii ya maharage, zile ndogo nyeusi zinazotambaa zenyewe kwenye vichaka vya shamba letu la chini, kule tambarare. Za sokoni hakuzitaka. Alisema hazina nguvu. Mama yake aliwapikia ngwara pori wanawake waliotoka kujifungua, na mwaka mmoja mahindi yalipokauka yote, vichaka vile ndivyo vilivyowavusha.

Nilimuuliza muuguzi wa kituo cha afya, nikiomba moyoni azikataze. Akafurahi.

"Hiyo ni protini, dada, na madini ya chuma. Mkamulie na limao kidogo, mwili uyapokee vizuri. Ila ziive sawasawa."

Basi kila Jumamosi nilishuka tambarare kuchuma maganda makavu, nikapanda mlima na kiroba kichwani. Na kuzipika ndiko kulikonifunga. Ngwara pori zina uchungu, na ndani ya uchungu huo mna sumu. Unaziloweka siku nzima, unachemsha, unamwaga maji. Unachemsha tena, unamwaga. Mara tatu, ndipo unaunga. Huwezi kuondoka. Kitanda cha mama kilikuwa karibu na dirisha la jikoni, na kila nilipomwaga alihesabu kwa ule ulimi wake mzito: "Hayo ya kwanza." Nikisogea hadi kwenye migomba kupunga upepo, aliniita.

Siku moja mteja wangu wa zamani alipiga simu. Kulikuwa na sare za shule nzima. Nije mchana huohuo kuchukua vipimo, la sivyo angempa fundi mwingine. Nilimwomba jirani akae na mama hadi jioni. Ngwara zilikuwa jikoni, zimemwagwa maji ya kwanza tu. Nilichota maji baridi ya ndoo, nikayamwaga nje chini ya dirisha.

"Hayo ya pili," mama akasema.

Baada ya muda nikamwaga mengine. "Hayo ya tatu."

Niliunga, nikamlisha, nikaondoka. Nilikuwa bado nasubiri gari barabarani jirani aliponipigia: "Rudi. Mama anatapika mfululizo."

Tulimpeleka kituo cha afya kwa pikapu ya jirani, nimemlaza mapajani. Akatundikiwa dripu. Kesho yake rangi ilipomrudia, nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Sikumwaga maji yote. Yale yalikuwa ya ndoo."

"Nilijua," alisema. "Maji ya moto hayalii hivyo yakianguka."

"Sasa kwa nini ulikula?"

Ulimi wake uliyavuta maneno moja moja. "Ulikuwa umevaa viatu vyako vya mjini. Nikisema, utavivua."

Nililia mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Tuliporudi nyumbani, mama aliniambia nimpigie kaka mkubwa, niweke sauti ya juu. "Njoo ukae na mimi," alimwambia. "Ujifunze kupika." Kaka alicheka, kisha akasikia mama hacheki.

Alikuja Desemba, pamoja na watu wote wanaopanda mlimani kwa Krismasi. Zile sare zilikuwa zimeshashonwa na mwingine. Nilimwonyesha kaka jinsi ya kuloweka, kuchemsha na kumwaga, nikampa na limao, nikashuka Majengo nikikusudia kukaa wiki nzima.

Siku ya kwanza nililala tu. Ya pili nilifuta vumbi kwenye cherehani, nikashona mapazia ya rafiki yangu. Ya tatu nilitembea sokoni bila haja ya kununua kitu. Lakini kila adhana ya mchana ilipolia nilijikuta nikiwaza kama maji yameshamwagwa, na kama yalikuwa ya moto. Siku ya nne nilipiga simu. Kaka akasema mama hajambo, amekula vizuri.

Siku ya tano nilifunga begi. Hakuna aliyeniita. Kaka aliniona kwa mbali nikija kati ya migomba, akaanza kukusanya mizigo yake kabla sijafika mlangoni.