Siku Somo Yangu Alipokula Vitumbua

Somo yangu, mwanamke aliyenifunda unyagoni, ndiye aliyeamua pale Mohoro kwamba jirani yetu asusiwe. Jirani mwenyewe alikuwa mjane, ameolewa kutoka Ngarambe, hana ndugu hata mmoja kwetu, anaishi kwa kuuza vitumbua. Watoto wawili wa mtaa wetu waliharisha, nao walikuwa wamekula vitumbua vyake. Kwamba mafuriko yalikuwa yameingia kisimani wiki ileile, hakuna aliyetaka kulisikia.

Tuliitwa barazani kwa somo baada ya alasiri, wanawake kumi na kitu. Kila mmoja aliulizwa, kila mmoja akajibu, "Nimekubali." Hakuna kununua kwake, hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto. Zamu yangu ikafika.

"Mimi nilikula vile vitumbua siku ileile," nikasema. "Sikuumwa. Na kesho nitanunua tena."

Somo akanitazama. "Mwanangu, unatuacha sisi umfuate nani?"

"Simfuati mtu, somo. Nasema nilichokiona."

Wakacheka. Shoga yangu wa tangu utotoni akavuta mkeka wake, akakaa mbali nami.

Haikupita miezi mitatu, baba yangu akafariki. Wanaume walikuja kuzika. Wanawake hawakuja. Kwetu mfiwa hashiki mwiko, majirani ndio wapishi. Mimi nilipika chakula cha matanga ya baba yangu mwenyewe, machozi na moshi, nikisaidiwa na mjane peke yake. Nilikoroga sufuria huku nikiwataja moyoni wasiokuja, mmoja mmoja. Watu husema mwachie Mungu. Sikumwachia.

Mwaka uliofuata somo alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho kwa watu wa Kibiti. Harusi kubwa, na Mohoro nzima mpishi wa pilau ya watu wengi ni mimi. Akaja mwenyewe kwangu, na doti ya kanga mpya mkononi.

"Mwanangu, yaliyopita si ndwele."

"Kwako, somo. Mimi bado naumwa."

Nikampa sharti: pilau nitapika, lakini chai ya asubuhi ya harusi ataandaa mjane, kwa vitumbua vyake, na wa kwanza kula awe yeye somo, mbele ya wanawake wote na wakwe zake.

Alikula. Uwanja mzima ulimtazama akitafuna. Alipomaliza nikamwongezea kingine, na hicho kilipokwisha nikamwongezea tena, kwa adabu zote alizonifundisha. Wale waliosema "nimekubali" wakaanza kunyoosha mikono kwenye sinia, macho chini. Shoga yangu alichukua viwili. Sijawahi kupika pilau tamu kama ya siku ile.

Jioni, tukisugua masufuria, mjane aliniambia hakupendezwa. "Uliponitetea barazani ilitosha," akasema. "Leo umenifanya fimbo yako."

Alisema kweli, na sikumwomba radhi.

Siku hizi anauza Ikwiriri, kando ya barabara, na wateja hawamwishi. Somo hukutana nami Ijumaa njiani, hunisalimu kwa sauti ili watu wasikie. Naitikia, maana salamu haikataliwi. Akianza kuniuliza habari za nyumbani, mimi nimeshapita.