Funika Skrini, Usichungulie

Karani wa mapokezi wa kliniki ya meno alikuwa mtu wa kawaida kabisa, na ukimwambia vinginevyo anakasirika. Asubuhi hadi jioni anapokea mashavu yaliyovimba, anayaandikisha, anayaambia yakae pale kwenye benchi yangoje kuitwa. Lakini mara mbili kwa mwaka, kwa wiki tatu hivi, alikuwa na kazi nyingine ambayo hata daktari wake hakuielewa vizuri: alikuwa akitafuta kila njia ya kuigomesha kompyuta.

Ngoja nieleze, maana najua kuna mtu ameshakunja uso. Kompyuta haijiendeshi yenyewe. Ndani yake kuna mfumo unaoiamsha na kuiongoza. Kuna mifumo ya kununua, na kuna Linux, inayotengenezwa na watu waliotawanyika dunia nzima na kutolewa bure. Linux nayo ina aina chungu nzima, na hii aliyoipenda Karani hutoa toleo jipya kila miezi sita. Kabla halijatoka, watu wa kujitolea hulichukua likiwa bichi, hulipakia kwenye mashine zao kuukuu na kulibonyeza kila mahali. Kilichofanya kazi hukiwekea alama ya vema kwenye jedwali moja kubwa mtandaoni, na kilichogoma hukiripoti. Hawajuani kwa sura, na halipwi mtu.

"Wifi," dada wa mumewe alimwuliza siku moja, "yaani unafanya kazi ya bure, kwa watu usiowajua, kwa Kiingereza chako hicho cha kuombea maji?"

"Ndiyo hivyo, wifi."

"Basi umerogwa."

Hakurogwa, jamani. Alikuwa na mume tu. Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia hadi presha ya macho ilipompofusha, miaka tisa nyuma. Alilia, ndiyo, nani asingelia? Kisha akafuta machozi, akajifunza kompyuta upya kwa masikio. Kuna sauti inayosoma kilichoko kwenye skrini; yeye anasikiliza, anajibu kwa kibodi. Kwa njia hiyo alikuwa ameandika masomo ya miaka tisa kwa wanafunzi wasioona, mito na milima na upepo, yote yamo kwenye mashine ile moja. Nakala ya akiba? Ya mwisho ilikuwa ya mwaka juzi. Kila wiki alisema ataitengeneza kesho.

Kitu kimoja kilimkera Mwalimu. Kila toleo jipya lilipotoka, mkewe ndiye aliyemwekea. Safari hii akapiga meza.

"Hili nitaliweka mwenyewe. Jumanne likitoka, wewe utatoka humu chumbani, uniache."

"Sawa, baba. Hata usihofu, sehemu ya sauti nimeshaijaribu. Inasoma kila kitu."

Mwalimu akageuza uso upande wake. "Umeijaribu kwa macho au kwa masikio?"

Loo! Swali hilo lilimwingia Karani kama mwiba. Alikuwa ameijaribu kwa macho, mkono kwenye kipanya, huku sauti ikisoma pembeni kama redio ya jirani. Na kwenye jedwali, mstari wa sauti ulikuwa na vema kumi na moja, mojawapo ni yake mwenyewe. Watu husema penye wengi hapaharibiki jambo. Wanaosema hivyo hawajaona watu kumi na mmoja wenye macho wakijaribu kitu cha wasioona.

Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akachukua laptopu yake ya majaribio, ambayo haikuwa na kitu cha maana ndani. Akachomoa kipanya. Akatandaza taulo la kuogea juu ya skrini, akaanza.

Sauti ikamkaribisha. Ikamwuliza lugha, akachagua. Ikamwuliza saa za nchi gani, akachagua. Akabonyeza kitufe cha kuendelea, na sauti ikanyamaza. Akangoja. Kimya. Akaiongeza sauti hadi mwisho, kimya. Akafikiri imeganda, akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akabonyeza tena kuendelea, na tena, kisha akalivuta taulo.

Mfumo ulikuwa unafuta diski nzima.

Karani akakaa chini kwenye sakafu. Ukurasa ulionyamaza ndio ule unaouliza: nifute kila kitu, au niache vitu vyako? Ukiufikia kwa kipanya, sauti inasoma. Ukiufikia kwa kibodi peke yake, ukurasa unafunguka bila kuiarifu sauti, na jibu linalokuwa limechaguliwa tayari ni kufuta. Akamwona akilini Mwalimu siku ya Jumanne, peke yake mezani, anabonyeza, anabonyeza, na miaka tisa inakwenda. Angeweza kukaa kando yake amwongoze, lakini hilo ndilo hasa mumewe alilolikataa. Na wale wengine wasioona, asiowajua, nani angekaa kando yao?

Akaripoti. Kabla ya saa sita mhandisi aliyeitengeneza sehemu ile akajibu kutoka alikokuwa: kwake inasoma vizuri, labda ni spika. Spika! Karani alisonya hadi mgonjwa wa kwanza kwenye benchi akadhani anasonywa yeye.

Sasa, watu hawa wana sheria yao. Kasoro ya mtu mmoja haizuii toleo; lazima mwingine aione pia kwenye mashine yake. Na kikao cha kuamua kilikuwa Alhamisi alasiri, kwa maandishi, wote pamoja mtandaoni. Karani akaomba ruhusa kwa daktari kutumia kompyuta ya mapokezi.

"Ni mambo ya yale majaribio yako?" daktari akauliza. "Haya, ila wagonjwa wangu usiwasahau, dada."

Alhamisi saa kumi, benchini amebaki mzee mmoja mwenye kitambaa shavuni. Kikao kikaanza. Kinara wa wajaribu, mama mmoja wa mbali ambaye Karani hakuwahi hata kuisikia sauti yake, akaipitia orodha. Kasoro ya picha: ndogo, ipite. Kasoro ya printa: ipite. Ikafika yake. Mhandisi akaandika kwamba vema zipo kumi na moja, na anayelalamika ni mmoja.

Karani akaandika, kwa Kiingereza chake cha kuombea maji: "Vema moja kati ya hizo ni yangu, na ni ya uongo. Nilijaribu kwa macho. Naomba kila mtu achomoe kipanya, afunike skrini, asichungulie. Halafu aseme anasikia nini."

Hakuna aliyejibu. Dakika moja, mbili, tano. Karani akajua amewachosha, kwamba watu wanamcheka huko waliko.

"Dada," mzee akasema kwa shida, "zamu yangu bado?"

"Bado kidogo, mzee wangu. Samahani."

Kisha maandishi yakaanza kuingia.

"Nimefunika kwa sweta. Imefika ukurasa wa diski. Kimya."

"Mimi gazeti. Kimya."

"Koti la mume wangu. Kimya hapa pia."

"Boksi la viatu. Kimya."

Karani akaweka mkono mdomoni. Kwingine kulikuwa asubuhi, kwingine jua linazama, na watu asiowajua kwa sura wala kabila walikuwa wamekaa mbele ya skrini zilizofunikwa, wanasikiliza kwa sababu yeye, karani wa meno, amewaomba. Hakuna aliyemwuliza amesoma wapi. Wakafika tisa. Machozi yakamtoka, na mzee wa jino akamwangalia kwa huruma akidhani naye linamuuma.

Wa mwisho alikuwa mhandisi. "Kimya," aliandika. Baada ya muda akaongeza: "Nikabonyeza kuendelea. Diski yangu imefutika. Dada, niwie radhi."

Kinara hakupoteza maneno. Aliuliza nani anazuia, na mstari baada ya mstari ukaja: nazuia, nazuia, nazuia. Kitu ambacho maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wanakingojea Jumanne kikasimamishwa kwa wiki nzima, na aliyekuwa amekifungia breki ni mtu mwenye taulo la kuogea. Karani akaitazama skrini ile kama aliyeona bahari kwa mara ya kwanza. Halafu akapangusa uso, akamwingiza mzee kwa daktari.

Jumanne iliyofuata ile iliyopangwa, toleo likatoka. Mwalimu akaketi mezani, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Karani akatoka, akaenda jikoni kuchemsha chai, lakini masikio akayaacha kule. Akasikia lugha. Akasikia saa.

Sauti ikasoma, pole pole, neno kwa neno: futa kila kitu, au acha vitu vyangu. Kishale cha chini kikalia mara moja, kisha kitufe cha kuendelea.

Alipoingia na chai na kopo la sukari, mashine ilikuwa inafanya kazi yake, na Mwalimu amekaa mikono mapajani, uso umelowa.

"Imeniuliza," akasema.

"Imekuuliza nini, baba?"

"Ninachotaka. Miaka tisa, mke wangu. Mnanivalisha, mnanipakulia, mnaniamulia. Mnanipenda, najua. Lakini hakuna anayeniuliza."

Karani alisimama na kijiko cha sukari mkononi, cha pili, kikiwa tayari juu ya kikombe, kama kila siku. Akakirudisha kwenye kopo.

"Unataka vijiko vingapi?" akauliza.

"Hata kimoja," Mwalimu akasema. "Sijawahi kupenda sukari kwenye chai tangu nipofuke."