Shoka Kwenye Miti ya Kijito

Shoka la kwanza lilizama kwenye mti wa mringaringa. La pili lilishuka begani kwangu nilipoukinga mti, nikasikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu.

Aliyelishika alikuwa jirani yangu pale mtaani kwetu Soweto, tuliyeimba naye kwaya. Siku tatu kabla tulikuwa tumemzika mkewe. Kipindupindu kilimmaliza kati ya asubuhi na jioni.

"Toka, Meku!" alifoka, akiniita mzee kwa Kichagga kama siku zote. "Miti yako imeniulia mke!"

"Miti haiui mtu, baba."

"Na vyoo vilivyomo humo? Nani aliviruhusu?"

Aliyeviruhusu ni mimi. Miaka hiyo ya tisini mvua zilikuwa zimeanza kutukimbia na kijito kinakauka. Nikiwa mkuu wa kamati ya mazingira ya mtaa, niliwasihi watu wapande miti ukingoni. Walipouliza wachimbe wapi vyoo, viwanja vyenyewe vidogo, niliwaambia wachimbe humo humo mitini; vitajificha, na mizizi itapata mbolea. Nilijiona mwerevu. Hatua chache chini yake wanawake walichota maji.

Watu walitoka na mapanga, hawa wakikata miti, hawa wakiitetea. Jiwe lilimpasua mwanangu mkubwa mdomo. Mama mmoja alipiga kelele, "Uaneni basi, kipindupindu nacho kipumzike!"

Siku ya pili nilikuwa nimelala, mkono umefungwa, wanangu wakinoa mapanga uani wakamwue jirani. Akaja mwenyewe. Alishika jani la isale, lile tunalopanda mipakani. Kwetu Wachagga, anayekuletea isale humnyimi msamaha.

"Nisamehe, Meku."

Sikulipokea. Uso ukamsawijika. Mwanangu mkubwa, mdomo umevimba, akasogea na panga lake.

"Weka chini," nikamwambia. Kisha nikamgeukia mke wangu. "Mama, nikatie na mimi isale pale mpakani."

Akanikatia. Nikampa jirani la kwangu kwanza.

"Vyoo vile niliviruhusu mimi," nikasema.

Alilia kwa sauti, mtu mzima. Ndipo nikapokea lake.

Juma lile tulifukia vyoo vyote vya ukingoni, yeye akisukuma udongo, mimi nikimwaga chokaa kwa mkono mmoja. Vipya vilichimbwa mbali na maji, kwenye migomba yangu. Miti iliyosalimika hakuigusa tena. Bega langu halikupona sawasawa. Kanisani nainua mkono mmoja tu kumshukuru Mungu, naye jirani husimama upande wa ule usioinuka.